Kilohezi 457: namba iliyochukua miaka mingi kukubalika

Leo tuziache kidogo lugha za programu. Nataka kuwasimulia kisa cha viwango vya kiufundi, na kinaanzia kwenye theluji, kitu ambacho wengi wetu Kenya tunakiona kwa mbali tu, kule kileleni Mlima Kenya.

Katika milima ya Alps na Rockies, jua huanza kuwa kali Machi na Aprili. Theluji ya juu huyeyuka, maji yakapenya ndani, matabaka yakalegea, kisha upande mzima wa mlima unaweza kuporomoka. Ndiyo maana wazoefu wa kuteleza kwa skii huondoka alfajiri, theluji ikiwa bado imeganda, na kurudi kabla ya adhuhuri. Anayechelewa anaweza kufukiwa mzima mzima.

Akishafukiwa, saa inaenda mbio. Utafiti uliotoka katika jarida la Nature mwaka 1994 ulionyesha kuwa baada ya dakika 15 asilimia 92 walikuwa bado hai. Baada ya dakika 35, asilimia 30 tu. Uchambuzi wa takwimu za Uswisi uliochapishwa mwaka 2024 umeshusha hata ule muda wa matumaini hadi dakika 10 hivi. Helikopta haiwahi. Atakayekuokoa ni rafiki uliyetoka naye asubuhi.

Zamani rafiki huyo alikuwa na nini? Watu walijifunga kamba nyekundu ndefu kiunoni, wakiomba ncha yake ibaki juu. La sivyo, ni kuchomachoma theluji kwa fito, au kungoja mbwa.

Mwaka 1968 John Lawton, akiwa katika Cornell Aeronautical Laboratory mjini Buffalo, Marekani, alitengeneza kifaa kidogo cha redio. Kila mmoja anavaa chake kikirusha mawimbi. Mwenzako akifukiwa, unakigeuza chako kinase. Kiliuzwa kuanzia 1971 kwa jina Skadi, na kilitumia kilohezi 2.275. Hapa mhandisi alicheza vizuri: masafa hayo yamo ndani ya uwezo wa sikio, kwa hiyo unakuza mawimbi na kuyapeleka moja kwa moja kwenye spika ya sikioni.

Waswisi nao wakatengeneza Barryvox, jina linalomkumbuka Barry, mbwa maarufu wa uokoaji. Chao kilitumia kilohezi 457, ambazo zilinaswa kutoka mbali zaidi.

Mnaona tatizo? Mnakumbuka chaja za Nokia, pini nene na pini nyembamba? Sasa fikiria umekosa pini na rafiki yako yuko chini ya theluji. Wewe una 2.275, yeye ana 457: vifaa viwili vizima, betri zimejaa, na hamsikilizani. Kwa muda viliuzwa vifaa vya masafa yote mawili, kama kiraka cha programu kinavyobandikwa juu ya kosa. Mwaka 1986 tume ya kimataifa ya uokoaji milimani ikachagua 457. Marekani, shirika la viwango la ASTM likaifuata 1996.

Nionavyo mimi, hapo ndipo ubunifu ulipopata nafasi. Mwaka 1997 kampuni ya Backcountry Access ilitoa Tracker, kifaa cha kidijitali chenye antena mbili na kichakataji kinachoonyesha upande na umbali. Hakuna tena kukisia kwa sauti. Lakini bado kiliongea na kifaa cha zamani cha 457.

Mwaka 2013 wenzetu wa programu za simu wakasahau somo. Zilitoka programu zilizodai kufanya kazi hiyo kwa GPS, Bluetooth au Wi-Fi. Kituo cha maporomoko ya theluji cha Kanada kilionya watu wasizitegemee: mawimbi hayo hayapenyi theluji vizuri, simu haina 457, na programu moja haikuongea na nyingine. Kusema kweli, mimi mwenyewe ningeweza kuandika programu kama hiyo wikendi moja na kujisifu.

Leo ushauri wa kawaida ni kuweka simu sentimita 20 mbali na kifaa kinaporusha, na 50 unapotafuta, maana simu inakivuruga. Sepetu na ufito bado vinabebwa mgongoni.