Msasa, Sandarusi na Kitako cha Gobore

Nilipostaafu ualimu nilirudi kijijini, na juu ya kabati la marehemu babu nikakuta kitako cha gobore kisicho na kasiba wala mtambo. Bunduki yenyewe ilikwisha kusalimishwa serikalini zamani. Kilichosalia ni mti huo, uliopasuka shingoni. Babu alichongewa kingine, hiki akakihifadhi. Wajukuu walishauri tukipake rangi nyeusi ya mafuta, tukitundike sebuleni. Nikakubali, nikamtuma kijana dukani alete msasa.

Neno hilo ndilo lililonisimamisha. Msasa ni mti kwanza, wenye majani yanayokwaruza kama ulimi wa paka, na mafundi wa zamani waliyatumia kulainishia mbao. Karatasi ilipofika ilirithi jina la jani. Leo kijana anaijua karatasi, mti haujui.

Silaha yenyewe imebeba maneno mengi ya namna hiyo. Bunduki latokana na Kiarabu, ambako lilikuwa jina la kokwa, kisha la kidonge kilichorushwa kwa upinde, hatimaye la silaha. Risasi ni jina la madini kabla ya kuwa jina la kinachoua. Gumegume ni jiwe litoalo cheche, tena ni bunduki iwashwayo kwa jiwe hilo. Ufito wa kushindilia baruti waitwa mdeki. Hapa nina jambo la kukiri: miaka mingi iliyopita mwanafunzi wangu, mtoto wa mwindaji, aliliandika neno hilo katika insha, nami nikalikata kwa wino mwekundu kwa kuwa sikulijua.

Hata mng'aro wa mbao una historia kwetu. Katika karne ya 19 watu wa Mrima walichimba sandarusi, yaani utomvu wa msandarusi uliogandamana ardhini kwa miaka mingi. Ulipelekwa Unguja, ukanunuliwa na wageni, wakiwemo Wamarekani wa Salem, ambao nchi yao ilifunga mkataba na Seyyid Said mwaka 1833. Huko ng'ambo ulifanywa vanishi ya samani na magari ya farasi. Wamarekani nao walileta nguo tuliyoiita merikani, na pia bunduki na baruti. Basi jasho la mchimbaji liliondoka likawa mng'aro katika nyumba za wengine, na sehemu ya malipo yake ikarudi kuwa silaha, iliyopanda bara pamoja na biashara ya pembe na ya watu.

Mwaka 1890 Mkataba wa Brussels ulizuia silaha za kisasa kuingizwa Afrika kati ya latitudo 20 Kaskazini na 22 Kusini, lakini ukaacha mlango kwa gumegume. Vita vya Maji Maji vilipozuka mwaka 1905, wapiganaji waliokuwa na bunduki wengi wao walishika magobore, wakikabili bombomu za Wajerumani.

Niliporudi kwenye kitako changu nilipiga msasa kidogo upande wa chini, nikaacha. Mahali babu alipoegemeza shavu mti umelika ukafanya kibonde laini. Kuusawazisha ni kumfuta yeye. Nikakifuta kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, nikakianika kivulini, kisha nikakisugua mafuta ya kitani, tabaka jembamba, nikingoja likauke kabla ya kuongeza jingine. Rangi hukaa juu ya mti ikauficha. Mafuta huzama ndani, nyuzi zikaonekana. Vitambaa vya mafuta hayo nilivitandaza nje, maana vikirundikwa huweza kuwaka vyenyewe.

Ufa nimeuacha. Mdeki nimeuandika katika daftari langu, pamoja na kasiba, mtambo na fataki. Nawaomba washairi na wapenzi wa lugha: ikiwa kwenu sehemu hizi zina majina mengine, waulizeni wazee nanyi myaandike. Kalamu yangu nyekundu imekwisha kukata ya kutosha.