Neno «kadogo» lilitoka wapi?

Leo tuongee juu ya neno moja tu. Ukiwa mtu wa Bukavu, Goma, Bunia ao Lubumbashi, unalijua tangu utoto wako, na labda umelitumia leo asubuhi: kadogo.

Katika Kiswahili chetu cha Kongo, kitu kikiwa kidogo tunakipa ka- mbele yake, na vikiwa vingi tunasema tu-. Mtoto mdogo ni katoto, na wenzake ni tutoto. Nyumba ndogo ni kanyumba. Watu wa pwani wanapendelea kusema kitoto na kijumba, na ka- yao mara nyingi ina dharau ndani yake. Kwetu sisi ina upendo. Mama akimwita kitinda mimba wake kadogo, hamtukani. (Huko Kenya, kadogo ni pia biashara ya kuuza sukari ao mafuta kwa kipimo kidogo, kwa mwenye pesa kidogo. Neno halina kosa lolote.)

Basi namna gani neno la mama likaingia jeshini? Tuanzie Uganda. Kati ya mwaka 1981 na 1986, jeshi la waasi la Yoweri Museveni, NRA, lilikuwa na watoto ndani yake, wengine yatima wa vita. Kiswahili kilikuwa lugha ya askari, nao wakawaita kadogo. Maofisa wengi wa Rwanda walipitia jeshi hilo. Mwaka 1996 Rwanda na Uganda zilipounga mkono AFDL, chama kilichoundwa Lemera, Kivu ya Kusini, mwezi wa kumi mwaka ule, jina lilikuja pamoja na bunduki. Ndivyo ninavyoelewa mimi safari ya neno hili. Hapa kwetu lilikuta nyumba tayari, kwa sababu tulikuwa tunalisema kila siku.

Unakumbuka, ao wazazi wako wanakumbuka, namna watoto wale walivyopita. Goma ilianguka mwanzoni mwa mwezi wa kumi na moja 1996, Kisangani mwezi wa tatu 1997, Lubumbashi mwezi wa nne, na tarehe 17 mwezi wa tano wakaingia Kinshasa kwa miguu, wengine na boti za mpira. Watu wa Kinshasa, wenye kusema Lingala, wakajifunza siku zile maneno mawili ya Kiswahili: Muzee, ndiye Laurent-Désiré Kabila, na kadogo. Tazama vizuri maneno hayo mawili. Yote ni ya nyumbani, kama babu na mjukuu wake. Ukiyasikia unafikiri ni jamaa imekaa kwenye moto jioni. Lakini babu alikuwa mkubwa wa jeshi, na mjukuu alikuwa na miaka 12 ao 13 na Kalashnikov begani. Hapo ndipo neno lilitudanganya. Kama tungesema «askari mtoto», pengine wazazi wangeuliza: nani alimtoa shuleni? Kwa kusema kadogo, tulicheka na kuwapa ndizi.

Tusiseme pia kwamba ilianza 1996. Katika maasi ya 1964, vijana wa Mulele kule Kwilu waliitwa jeunesse, neno zuri la Kifaransa, na wengi wao walikuwa wadogo sana.

Baada ya 1998 kila kikundi kilikuwa na kadogo wake. Huko Ituri neno lilifika mpaka mahakamani. Thomas Lubanga, mkubwa wa UPC, alipohukumiwa na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, The Hague, mawakili na mashahidi walibishana juu ya maana yake: je, kadogo ni mtoto, ao ni mtu mfupi tu? Tarehe 14 mwezi wa tatu 2012 waamuzi walimkuta na hatia ya kuwaingiza jeshini watoto wasiofika miaka 15 na kuwatumia vitani. Alipewa miaka 14. Sheria yetu ya Kongo ya mwaka 2009 inakwenda mbali zaidi: chini ya miaka 18, hapana.

Sasa wewe, msomaji. Mtoto aliyeondoka Bukavu mwaka 1996 akiwa na miaka 12 amepita leo 40. Pengine anachunga pikipiki yako, ao anauza mbao kwenye kartie yenu, na wenzake wanamwita bado Kadogo, hata mbele ya bibi yake na watoto. Wengine wanaipokea kwa kucheka. Wengine wanainama. Mpango wa serkali wa CONADER, ulioanza mwishoni mwa 2003, ulitoa watoto wapatao 30,000 katika majeshi na vikundi, na kila aliyetoka alipaswa kupewa cheti. Kwenye karatasi ile hakuandikwa Kadogo. Aliandikwa jina ambalo baba na mama walimpa. Wa kartie yenu, unalijua lake?