Swali Hutangulia Cheo: Historia Fupi ya Uzamivu katika Uuguzi

Muuguzi mmoja mwenye miaka mingi ya kazi wodini alifika ofisini kwangu kuomba ushauri. Ana shahada ya uzamili na sasa anataka kuendelea na uzamivu. Nilipomuuliza anakusudia kutafiti jambo gani, alinyamaza kidogo, kisha akanijibu kwa ukweli: “Mwalimu, mada nitaipata hukohuko. Nimechoka kusimama mahali pamoja. Nataka kupanda.”

Sikumlaumu. Mtumishi wa umma anayetafuta kupanda daraja hatendi kosa, na mshahara hauongezeki kwa uvumilivu pekee. Hata hivyo, alipokwisha kuaga nilibaki nikitafakari. Neno letu lenyewe, uzamivu, limetokana na kuzama; na historia ya shahada hiyo katika taaluma ya uuguzi ni historia ya watu waliozama kwanza, kupanda kukafuata. Mimi si muuguzi, ni mwalimu wa historia. Naiandika habari hii kwa ajili yake na kwa wote walio katika njia panda kama yake.

Florence Nightingale hukumbukwa kwa taa aliyoishika usiku katika vita vya Crimea, vilivyomkuta kazini kuanzia mwaka 1854. Silaha yake kubwa zaidi, hata hivyo, ilikuwa majedwali ya takwimu. Kwa tarakimu aliwaonyesha wakubwa wa serikali ya Uingereza kwamba askari wengi walikufa kwa maradhi yanayozuilika kuliko kwa majeraha ya vita. Mwaka 1860 shule ya wauguzi iliyoanzishwa kwa jina lake ikafunguliwa katika hospitali ya St Thomas, London. Mfano huo ulipoenea duniani, kilichosafiri zaidi kilikuwa nidhamu, sare na utii. Majedwali yaliachwa nyuma. Katika hospitali nyingi mwanafunzi wa uuguzi akawa nguvu kazi ya bei nafuu. Alifundishwa kutekeleza, hakufundishwa kuhoji.

Nchini Marekani baadhi ya wauguzi walilitambua pengo hilo mapema. Mwaka 1899 Teachers College ya Chuo Kikuu cha Columbia, New York, ilianzisha kozi ya kuwaandaa wauguzi viongozi na walimu. Mwaka 1907 Mary Adelaide Nutting akawa profesa chuoni hapo, muuguzi wa kwanza kufikia cheo hicho. Mwaka 1923 Chuo Kikuu cha Yale kikafungua skuli ya uuguzi iliyojitegemea, chini ya uongozi wa Annie Goodrich. Mwaka uliofuata, 1924, Teachers College ikawafungulia wauguzi njia ya kupata udaktari wa falsafa? La hasha: ulikuwa udaktari wa elimu. Muuguzi aliruhusiwa kuwa msomi, lakini kwa jina la ualimu. Chuo Kikuu cha New York kilianza kutoa uzamivu kwa wauguzi mwaka 1934, na bado kwa miongo mingi waliotaka elimu hiyo walilazimika kubisha hodi katika nyumba za wengine: sosholojia, fiziolojia, anthropolojia, saikolojia. Kuanzia mwaka 1962 serikali ya Marekani iliwalipia wauguzi kadhaa masomo ya namna hiyo, ili warudi na mbinu za utafiti.

Gharama ya kuhoji haikuwa ya karo peke yake. Hildegard Peplau aliandika kitabu kuhusu uhusiano wa muuguzi na mgonjwa kama sehemu ya tiba yenyewe. Muswada ulikuwa tayari mwaka 1948, lakini kitabu hakikutoka hadi mwaka 1952, kwa kuwa haikuwa kawaida muuguzi kuchapisha kazi kama hiyo bila jina la daktari kando ya jina lake. Tusisome habari hiyo kana kwamba ni kisa cha mchapishaji mmoja mkaidi. Swali lililokuwa mezani lilikuwa la kisiasa: nani ana haki ya kuitwa mwenye maarifa katika wodi ambamo muuguzi ndiye anayekesha?

Swali hilo lilifika hadi Ikulu ya Marekani. Mwaka 1985 Bunge lilipitisha sheria ambayo, pamoja na mambo mengine, ilianzisha kituo cha utafiti wa uuguzi ndani ya taasisi za taifa za afya. Rais Ronald Reagan aliikataa kwa kura ya turufu. Bunge likaipitisha tena kwa wingi wa kura uliotakiwa, na mwaka 1986 kituo kikaanza kazi; mwaka 1993 kikapandishwa hadhi na kuwa taasisi kamili. Wauguzi walikuwa wamejifunza kwamba tasnifu bila bajeti hubaki kabatini.

Je, mgonjwa alipata nini? Jibu ninaloliona kuwa zito kuliko yote linatokana na kazi ya Linda Aiken, muuguzi aliyepata uzamivu wake katika sosholojia. Mwaka 2002 yeye na wenzake walichapisha utafiti kuhusu wagonjwa wa upasuaji katika hospitali 168 za jimbo la Pennsylvania. Waligundua kwamba kila mgonjwa mmoja aliyeongezwa katika mzigo wa muuguzi aliambatana na ongezeko la asilimia 7 la uwezekano wa mgonjwa kufariki ndani ya siku 30. Kila muuguzi aliyewahi kubaki peke yake na wodi iliyojaa alilijua jambo hilo kabla ya mwaka 2002. Lakini alilijua kama uchovu na majuto, na uchovu hausomwi katika kikao cha bajeti. Uzamivu uliugeuza kuwa tarakimu ambayo waziri hawezi kuipuuza bila kuonekana.

Haki inanidai niseme na upande wa pili. Mwaka 2004 chama cha vyuo vya uuguzi vya Marekani kilipendekeza kwamba ifikapo mwaka 2015 wauguzi wa ngazi ya juu ya utoaji huduma waandaliwe kwa shahada ya udaktari wa vitendo, tofauti na uzamivu wa utafiti. Mwaka 2015 ulifika na kupita, na shahada za uzamili zikaendelea kutolewa. Wapo waliouona mpango huo kuwa ukombozi, na wapo waliouona kuwa soko la vyeti na mzigo wa madeni. Mjadala huo unatufunza kwamba shahada inaweza kukua haraka kuliko sababu ya kuwapo kwake.

Nasi hapa Tanzania? Mafunzo ya udaktari wa tiba yalianza Dar es Salaam mwaka 1963. Shahada ya kwanza ya uuguzi ilisubiri hadi mwishoni mwa miaka ya 1980, hapo Muhimbili. Leo vyuo vikuu kadhaa vinatoa shahada za uuguzi, na Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010 inaitambua taaluma hii kwa jina lake. Njia ipo. Hata hivyo, kwa niliyoyaona, muuguzi wetu akisoma sana hupandishwa hadi ofisini au huhamia ukumbi wa mihadhara, na wodi humpoteza. Tunamtuza kwa kumwondoa mahali ambapo maswali yake yalizaliwa.

Kwa hiyo nawaomba watumishi wa umma wanaoandaa miundo ya utumishi: wekeni ngazi ambayo mtafiti muuguzi anaweza kuipanda huku mguu mmoja ukiwa wodini. Wanaharakati nao, mnapodai ajira za wauguzi, daini pia fedha za kuhesabu kinachotokea wanapokosekana.

Yule dada nilimpigia simu wiki iliyofuata. Nilimwambia asinipe mada, anieleze tu jambo linalomnyima usingizi baada ya zamu. Hakusita. “Wodi ya wazazi, usiku, wauguzi wawili. Asubuhi tunaandika chanzo cha kifo, lakini hapana mahali pa kuandika kwamba tulikuwa wawili.”

Nilimwambia kwamba hilo ndilo swali lake la uzamivu, aliandike hivyohivyo kabla hajajaza fomu yoyote ya maombi. Cheo akitake, ni haki yake. Lakini kwanza atafute mahali pa kuandika kwamba walikuwa wawili.