Ugali Siyo Adui: Historia ya Sahani Yetu Kutoka Rumonge

Wandugu, nianze na jambo la nyumbani. Mama yangu mkubwa ana ugonjwa wa sukari. Mwaka jana, kwenye kituo kimoja cha afya, aliambiwa maneno mawili tu: "Acha ugali." Akaacha. Dawa akaendelea kumeza kama kawaida. Siku ya tatu akaanguka jikoni, jasho linamtoka, haongei. Tulimpa maji ya sukari kidogo kidogo, akazinduka. Dawa ilikuwa inashusha sukari, na tumboni hakukuwa na kitu.

Tangu siku ile najiuliza: huu ugali tunaoambiwa tuuache ulifikaje kwenye sahani yetu? Na kweli ndiyo unaotuharibu?

Tuanzie mbali. Muhogo asili yake ni Amerika ya Kusini. Wareno waliuleta Afrika katika karne ya 16, ukaingia kupitia upande wa mto Kongo, ukatembea mkono kwa mkono, soko kwa soko. Kufikia karne ya 19 ulikuwa umefika kwenye ziwa letu Tanganyika, ambako watu walizoea mtama, ulezi na ndizi. Wakati huo Waswahili na Waarabu wa Ujiji walikuwa wanavuka kwa mitumbwi kufanya biashara upande huu, na Rumonge ikawa moja ya vituo vyao. Ndiyo maana mpaka leo ukifika soko la Rumonge, Kiswahili unakisikia kila kona.

Halafu wakaja Wabelgiji. Baada ya njaa kubwa za miaka ya 1920, serikali yao ya Ruanda-Urundi ililazimisha wakulima kupanda muhogo na viazi vitamu. Aliyekataa aliadhibiwa. Wazee hawakuupenda ule ulazima, lakini muhogo wenyewe waliuelewa haraka. Unavumilia jua. Nzige wakipita, wanakula majani, mzizi unabaki. Na tena unakaa ardhini miezi na miezi bila kuoza. Shamba la mahindi halimsubiri mtu aliyekimbia. La muhogo linamsubiri.

Akina mama wakaufanya kuwa wao. Muhogo mchungu una sumu, basi wakauloweka, wakauvundika, wakauanika. Ikivunde, ubuswage, inyange, imikembe: yote hayo ni maarifa ya mikono yao, hakuna aliyeyaleta na meli.

Sasa angalia sahani ya Rumonge ilivyokuwa. Ugali wa muhogo katikati, ndiyo. Lakini pembeni kuna ndagala wanaoliwa wazima na mifupa yao, kuna sombe, kuna mawese mekundu ya michikichi yetu, siku nzuri kuna mukeke. Ugali unatoa nguvu, ndagala wanajenga mwili na mifupa, sombe inaongeza protini na madini, mawese yana vitamini A. Na aliyekula sahani hiyo alikuwa anavuta nyavu usiku kucha au analima kilimani toka alfajiri. Ile nguvu ilikuwa na kazi ya kufanya.

Tufike 1972. Tarehe 29 Aprili uasi ulizuka kusini, Rumonge na Nyanza-Lac zikiwemo, watu wakauawa. Kisha kisasi cha serikali kikaua watu wengi zaidi nchi nzima, makumi kwa makumi ya maelfu. Waliopona wakakimbia, wengine kwa mitumbwi usiku. Mwaka huohuo, huko Marekani, daktari Robert Atkins alitoa kitabu kilichopata umaarufu mkubwa. Ushauri wake kwa kifupi: ukitaka kupungua uzito, kata wanga, yaani mkate, viazi, wali, sukari. Alikuwa anaongea na watu wenye friji iliyojaa nyama na mayai. Hakuwa anaongea na bibi zetu.

Wale wa 1972 waliofika Tanzania walipewa ardhi Ulyankulu, Katumba, na baadaye Mishamo. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Walilima mahindi, maharage na muhogo, na kufikia katikati ya miaka ya 1980 walikuwa wanajilisha wenyewe.

Waliokimbia miaka ya baadaye hawakupata jembe. Kambi kama Nyarugusu na Nduta ziko mbali na ziwa, mashamba hayakuwepo, kutoka kulikuwa kwa kibali. Chakula kikawa kinakuja kwenye gunia: unga wa mahindi, maharage au dengu, mafuta kidogo, chumvi. Kipimo cha kupangia ni kilokalori 2,100 kwa mtu kwa siku, lakini msaada ukipungua, posho inakatwa. Na maharage machache yakiisha kabla ya mwezi, kinachobaki ni unga.

Hapo ndipo naona jibu. Ugali haukubadilika sana. Vilivyotoweka ni ndagala, sombe, mawese, na kazi ya shamba. Ndiyo maana mtu anaweza kunenepa kambini na bado akakosa damu.

Tuseme ukweli pia: wanga ukizidi unaugeuza mwili. Tumboni unavunjwa kuwa sukari, na nguvu isiyotumika inawekwa kama mafuta. Anayepunguza wanga anaweza kupungua uzito, hasa kwa sababu anakula kidogo kwa jumla. Lakini dada zangu mnaolala njaa ili mpungue, anzeni na soda, chai ya sukari vijiko vinne na mandazi ya asubuhi. Ugali uwe robo ya sahani, maharage au ndagala robo, nusu iliyobaki mboga za majani. Unga wa dona ni bora kuliko sembe, maana bado una makapi yanayochelewesha njaa. Na kama unatumia dawa za sukari, usikate chakula kabla ya kuongea na daktari au muuguzi.

Kwenu mnaofanya kazi za msaada, ombi langu ni moja. Kabla ya kumwambia mama "acha ugali", muulize nyumbani kuna nini kingine. Kama hakuna, mpeni mbegu za mchicha na nafasi ya kuzipanda.

Mama mkubwa sasa anakula ugali wake, kipande kama ngumi yake, na lengalenga alizopanda kwenye gunia nyuma ya nyumba. Ndagala anapata mara mojamoja. Anasema akiwanusa tu, anaiona Rumonge.

Jumapili hii muulize bibi yako alikuwa anakula nini kabla ya kukimbia. Yaandike majina yote kabla hayajapotea.