Kuboresha nyumba kwa gharama nafuu: Yanayowezekana Guta na mwambao wa Ziwa Victoria

KATA ya Guta, wilayani Bunda mkoani Mara, iko kando ya Ghuba ya Speke, ule mkono wa Ziwa Victoria uliopewa jina la Mwingereza John Hanning Speke, aliyefika kusini mwa ziwa hilo mwaka 1858. Kama ilivyo katika vijiji vingi vya mwambao huo, nyumba ya matofali ya udongo iliyoezekwa kwa bati ni jambo la kawaida. Wenye nyumba hizo aghalabu wana watoto walioko Musoma, Mwanza au Dar es Salaam, ambao wakirejea likizo hutamani kuona nyumba ya wazazi imebadilika sura, na kitu cha kwanza wanachokinunua ni mfuko wa saruji.

Hapo ndipo fedha nyingi hupotea. Ukuta wa tofali bichi hunyonya unyevu na kuutoa, hutanuka na kusinyaa kwa majira. Lipu ya saruji ni ngumu na haiwezi kuufuata ukuta huo. Hutokea ufa mwembamba, maji yakaingia nyuma ya lipu na kukosa pa kutokea, na baada ya misimu michache ya mvua lipu huanguka kwa mapande ikiwa imebeba na udongo wa ukuta. Mwenye nyumba hubaki na ukuta mbovu kuliko ule aliouanza nao.

Kwa tofali bichi, lipu ya udongo ndiyo inayofaa. Huchanganywa udongo wa kichuguu au wa mfinyanzi, mchanga, samadi ya ng'ombe na majani makavu yaliyokatwakatwa, kisha mchanganyiko ukaachwa umelowa kwa siku kadhaa. Hakuna kipimo kimoja kinachofaa kila mahali, kwa sababu udongo hutofautiana hata ndani ya kijiji kimoja. Njia ya uhakika ni kupaka vipande vitatu au vinne vya majaribio vyenye vipimo tofauti na kuvisubiri vikauke. Kinachopasuka kinahitaji mchanga zaidi, na kinachopukutika kikisuguliwa kwa kidole kinahitaji udongo zaidi. Ukuta hunyunyiziwa maji kabla ya kupakwa, na lipu hupigwa kwa tabaka mbili nyembamba badala ya moja nene.

Saruji ina mahali pake: kwenye sakafu, kwenye kibaraza na kwenye kuta za tofali lililochomwa vizuri. Kwa lipu ya ndani ya ukuta wa aina hiyo, kipimo cha ndoo moja ya saruji kwa ndoo sita za mchanga kinatosha. Kuongeza saruji kupita kiasi hakuongezi ubora, bali huzidisha nyufa.

Suala la mchanga linastahili kutazamwa kwa makini. Wakazi wa pwani ya Bahari ya Hindi huonywa kuhusu mchanga wa ufukweni kwa sababu ya chumvi. Maji ya Ziwa Victoria ni baridi, hivyo tatizo hilo halipo Guta, lakini mchanga wa ufukweni unaweza kuwa na tope na makombe. Kuupima ni rahisi: jaza nusu ya chupa angavu kwa mchanga, ongeza maji, tikisa kwa nguvu na uache utulie kwa saa kadhaa. Tope litaonekana juu ya mchanga kama utando. Ukiwa mnene, mchanga huo uoshwe au uachwe. Aidha, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za kibinadamu zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto. Anayekusudia kuongeza chumba au kuchimba mchanga karibu na maji aulize kwanza ofisi ya kijiji au mtaa, maana hasara ya kubomoa hulipwa na mwenye nyumba.

Kwa rangi, chokaa bado haijapata mpinzani kwa bei. Chokaa iliyozimwa hulowekwa usiku kucha, ikachujwa kwa kitambaa na kuongezwa chumvi, takriban kilo moja kwa kila kilo tatu za chokaa, ili ishike ukutani. Mchanganyiko uwe mwepesi kama maziwa, upakwe mara mbili au tatu juu ya ukuta uliolowanishwa. Ukipakwa mzito humenyuka na kuchafua nguo za kila anayeuegemea. Chokaa huunguza ngozi na macho, hivyo mpakaji ajikinge na watoto wasisogee. Chumba chenye kuta nyeupe hung'aa hata kwa dirisha dogo, jambo lenye maana kubwa katika nyumba isiyo na umeme. Kwa sebule, mafundi wengi hupaka mita moja ya chini kwa rangi ya mafuta iliyokoza, ili alama za mikono ya watoto na matone ya maji vifutike kwa kitambaa.

Jambo moja husahaulika. Katika miaka ya 2010, maeneo ya Kanda ya Ziwa, Mara ikiwamo, yalifikiwa na kampeni za kupulizia dawa-ukoko majumbani ili kuua mbu. Popote dawa hiyo inapopulizwa, ukuta hautakiwi kupakwa rangi wala lipu mara baada ya hapo, kwani dawa hufunikwa na kukosa kazi. Paka kwanza, puliza baadaye.

Mbu ndiye anayefanya uboreshaji wa nyumba za ziwani kuwa zaidi ya urembo. Utafiti uliofanyika Gambia na kuchapishwa mwaka 2009 ulionyesha kuwa kuweka nyavu kwenye milango na madirisha, au kuziba kwa dari, kulipunguza mbu walioingia ndani na pia upungufu wa damu kwa watoto. Mwanya ulioko kati ya ukuta na bati ndio mlango mkuu wa mbu aenezaye malaria. Pasipo na fedha za wavu mpya, chandarua kilichochakaa kiasi cha kutofaa tena kitandani kinaweza kukatwa na kupigiliwa hapo kwa vibanzi vya mbao. Chandarua kizima kibaki kitandani. Na kisipelekwe ziwani kuvulia dagaa: matundu yake hukusanya hata vifaranga, na dawa yake ni sumu kwa samaki.

Dari ya mifuko ya salfeti iliyoshonwa pamoja na kupakwa chokaa hupunguza joto la bati mchana. Hata hivyo, ni hatari kwa nyumba inayotumia koroboi au mshumaa. Wavuvi nao wasihifadhi madumu ya petroli ya mashine za mitumbwi ndani ya chumba cha kulala, hata kwa usiku mmoja.

Kupanga vitu hakuhitaji maelezo marefu. Misumari mirefu na rafu za mbao juu ya milango huondoa nusu ya vitu sakafuni, na kichanja cha vyombo uani huacha sufuria zikauke juani mbali na kuku. Makochi yenye vitambaa vya kufuma hupendeza, lakini katika sebule nyingi hupangwa yakaziba dirisha la pekee.

Kinachosahaulika zaidi ni mfereji wa bati wa kukinga maji. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya paa ni lita moja ya maji. Paa la mita sita kwa nane, ikinyesha mvua ya milimita 20, hupokea lita 960, na hata baada ya upotevu zaweza kukingwa zipatazo 800. Mfereji huo huokoa safari za kuteka maji ziwani na vilevile huzuia matone yasichimbe mguu wa ukuta, mahali ambapo nyumba ya udongo huanza kufa. Maji ya mvua ya kwanza yaachwe yaoshe paa, na pipa lifunikwe kwa wavu. Kazi ya lipu na chokaa ifanyike kuanzia Juni, masika yakishapita, ili ukuta upate muda wa kukauka kabla ya vuli ya Oktoba.