Sauti Moja, Tahajia Mbili: Kitendawili cha Maandishi Kasongo na Kabambare

Mwanafunzi wa Kongo hukutana na tatizo hili kwanza katika imla ya Kifaransa. Maneno "sans", "cent" na "sang" hutamkwa kwa sauti moja. Mwalimu akiwaambia wanafunzi kwamba sauti hiyo ni maneno matatu, kauli yake ni kweli na kila msikilizaji huielewa. Lakini akitaka kuiandika sauti hiyo ubaoni kwa tahajia ya kawaida hukwama, kwani tahajia yoyote atakayoichagua huteua neno moja na kuyatupa mawili. Waingereza wanacho kitendawili hichohicho katika "to", "too" na "two", na mara nyingi hukichukulia kuwa kioja cha lugha yao. Historia ya kusini mwa Maniema yaonyesha kwamba kioja hicho ni cha maandishi zaidi kuliko cha lugha.

Kiswahili kiliingia huko pamoja na misafara ya wafanyabiashara katika nusu ya pili ya karne ya 19. Livingstone alifika Kabambare, ambayo aliiandika Bambarre, mwaka 1869. Tippu Tip naye aliifanya Kasongo kuwa makao yake katika miaka ya 1870. Maandishi ya wafanyabiashara hao yalikuwa ya hati za Kiarabu, na hati hizo zilileta kitendawili kikiwa kimepinduliwa. Kwa desturi ya zamani, herufi moja ya "be" iliweza kusimama badala ya b, p na hata mb. Alama moja ya irabu ilitumika kwa i na e, na nyingine kwa u na o. Hivyo baba, papa na pamba, ambayo hakuna sikio linaloyachanganya, yaliweza kuandikwa sawasawa. Mtu angeweza kuandika kwamba neno hilo ni maneno matatu, na msomaji ndiye angekwama alipotaka kulitamka. Jina la Kabambare lenyewe, likiandikwa hivyo, humtaka msomaji awe amekwisha kulijua.

Jambo hili si la mchezo. Tippu Tip aliandika maisha yake kwa hati hizo, na Heinrich Brode akayageuza kuwa ya herufi za Kirumi na kuyachapisha Berlin mwaka 1902 na 1903. Kwa hiyo anayesoma chapa hiyo husoma pia maamuzi ya Brode.

Kingwana, yaani Kiswahili cha Maniema, kilifuata njia yake. Humo th mara nyingi huwa s, dh huwa z, na h hudondoka. Mwaka 1928 mmisionari John Whitehead alichapisha kitabu cha mafunzo ya lugha hiyo kwa Kifaransa. Mwaka huohuo mkutano wa Mombasa uliichagua lahaja ya Unguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Tahajia iliyojengwa juu ya Kiunguja inapofika Kasongo, hutenganisha maneno ambayo kinywa cha wenyeji kimeyaunganisha. Thamani na samani huwa sauti moja. Kuasi serikali na kuhasi fahali husikika vilevile, jambo ambalo wafugaji huenda wakalicheka kuliko watawala. Hapo kitendawili cha Kiingereza huzaliwa upya ndani ya Kiswahili. Mtoto aandikaye "samani" kwa maana ya bei amesikia barabara, bali husahihishwa kwa wino mwekundu kwa kosa la sikio lisilokosea.

La ajabu ni kwamba hati za Kiarabu zilizolaumiwa sana zilikuwa na herufi mbili mbalimbali kwa maneno hayo: "the" kwa thamani na "sini" kwa samani. Zilikuwa kali pale Kingwana kilipokuwa butu, na butu pale kilipokuwa kikali.

Hata hivyo, yako majina ambayo hakuna hati iwezayo kuyaokoa. Kasongo ni mji; Kasongo Rushie ni mtawala wa Utetera katika masimulizi ya Tippu Tip; na Kasongo ambaye Cameron alimfuata mwaka 1874 ni mfalme wa Waluba, mbali kusini. Hapa sauti ni moja na tahajia ni moja. Mwanahistoria asiyeuliza ni Kasongo yupi huweza kumhamisha mfalme hadi katika mji asioutawala.