Ndoo ya Ulmer: miaka 25 ya kusaka vilivyofichwa

Mei 2025 jiokashingi, mchezo wa kusaka vitu vilivyofichwa kwa kuongozwa na setilaiti, ilitimiza miaka 25. Ni burudani ya familia isiyodai kiingilio wala sare, na chanzo chake ni uamuzi wa serikali.

Hadi mwaka 2000 Marekani ilikuwa ikivuruga kwa makusudi mawimbi ya GPS yanayowafikia raia, hata kifaa kikaweza kukosea kwa mita mia moja. Rais Bill Clinton aliamuru uvurugaji huo ukome usiku wa kuamkia Mei 2, 2000.

Kesho yake Dave Ulmer, mtaalamu wa kompyuta wa Oregon, akataka kuupima usahihi huo mpya. Alichukua ndoo nyeusi ya plastiki, akaifukia ikabaki mdomo tu, karibu na Beavercreek. Ndani alitia daftari, penseli, vitabu, kanda za video, programu ya ramani, fedha, manati na kopo la maharagwe. Kisha akawatangazia wapenzi wa GPS latitudo na longitudo ya mahali hapo, pamoja na sharti: chukua kitu, acha kitu, andika daftarini. Ndani ya siku tatu ndoo ilikuwa imeonekana mara mbili, na aliyesaini daftari alikuwa Mike Teague wa Vancouver, Washington. Kopo lile la maharagwe wasakaji wanalienzi mpaka leo. Wanastahili: mchezo mzima ulikuwamo ndani ya ndoo ile.

Septemba mwaka huohuo Jeremy Irish alifungua tovuti ya kuorodhesha maficho, yalikuwa 75. Sasa yamepita milioni tatu.

Inasikitisha kwamba wazazi wengi bado wanaudhani mchezo wa wenye vifaa ghali. Simu ya kawaida yenye GPS inatosha. Mkebe wa chakula usiopitisha maji, daftari dogo, kalamu na vikorokoro vya watoto vinatosha kutengeneza ficho, na mtoto anayelalamikia matembezi ya kilomita moja huzimaliza tatu akijua mwisho wa njia kuna kitu cha kusaka majanini.

Kwa kanuni za leo, ndoo ya Ulmer ingekataliwa. Kufukia hakuruhusiwi, chakula ni marufuku kwa sababu huvuta wanyama, na mwenye ardhi lazima aridhie kwanza. Masharti hayo ni ya haki, na mzazi ayafundishe kabla ya kumkabidhi mtoto simu.